Jack Lang (mwanasiasa wa Australia)

John Thomas Lang, anayejulikana zaidi kama Jack Lang (21 Desemba 1876 – 27 Septemba 1975), alikuwa mwanasiasa wa Chama cha Labor, yaani chama cha wafanyakazi, nchini Australia. Alikuwa waziri kiongozi wa jimbo la New South Wales mara mbili: kuanzia 1925 hadi 1927, na tena kuanzia 1930 hadi 1932. Kutokana na kimo chake na sauti yake nzito, wafuasi wake walimpa jina la utani ambalo kwa Kiswahili lina maana ya "Pande la Mtu".

Lang anakumbukwa hasa kwa mambo mawili. La kwanza ni sheria zake za ustawi wa jamii, zikiwemo pensheni ya wajane na posho ya watoto. La pili ni ugomvi wake na serikali ya shirikisho kuhusu madeni ya nje wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi. Ugomvi huo uliisha tarehe 13 Mei 1932, gavana wa jimbo alipomfukuza kazi ingawa alikuwa na wabunge wengi nyuma yake. Hadi leo Waaustralia hawakubaliani kama alikuwa mtetezi wa maskini au mchochezi aliyekivunja chama chake.

Muundo wa majimbo ya Australia

Australia ni nchi ya shirikisho. Tarehe 1 Januari 1901 makoloni sita ya Uingereza yaliungana na kuwa majimbo ya taifa moja. Kila jimbo lilibaki na bunge lake, serikali yake na gavana wake. Waziri mkuu huongoza serikali ya shirikisho, na waziri kiongozi huongoza serikali ya jimbo. Shule, hospitali, reli na polisi zilikuwa chini ya majimbo, kwa hiyo mwananchi wa kawaida aliigusa zaidi serikali ya jimbo kuliko ile ya shirikisho.

Gavana wa jimbo humwakilisha mfalme au malkia wa Uingereza. Kwa desturi hufuata ushauri wa mawaziri waliochaguliwa, lakini kisheria ana mamlaka ya kuwateua na kuwaondoa. Katika maisha ya Lang mamlaka hayo yalitumika kweli.

Asili na ujana

Lang alizaliwa mjini Sydney. Baba yake alikuwa fundi saa kutoka Scotland, na mama yake alitoka Ireland. Baba alipougua, familia iliingia katika dhiki, na Jack alianza kuuza magazeti mitaani akiwa bado mtoto. Alisoma katika shule za Kikatoliki, kisha akafanya vibarua vya aina nyingi: alifanya kazi kwenye shamba la kuku, akaendesha basi la kukokotwa na farasi, na baadaye akawa karani mdogo katika ofisi ya mhasibu.

Mwaka 1896 alimwoa Hilda Bredt. Mama mkwe wake, Bertha McNamara, alikuwa na duka la vitabu mjini Sydney ambalo wanaharakati wa ujamaa na wa vyama vya wafanyakazi walilifanya baraza lao. Katika mwaka huohuo dada yake Hilda aliolewa na Henry Lawson, mmoja wa waandishi mashuhuri wa Australia. Hivyo Lang alijifunza siasa nyumbani kwa wakwe zake kabla hajaingia bungeni.

Hata hivyo hakuwa mjamaa wa vitabuni. Alihamia Auburn, kitongoji cha wafanyakazi magharibi mwa Sydney, akawa dalali wa nyumba na viwanja na kupata mali. Kazi hiyo ilimfundisha mambo ya mikopo, riba na rehani, na ilimkutanisha kila siku na watu waliokuwa wakihangaika kulipia nyumba zao. Alikuwa meya wa Auburn kuanzia 1909 hadi 1911.

Kuingia bungeni

Mwaka 1913 Lang alichaguliwa kuwa mbunge wa Granville katika bunge la jimbo. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Chama cha Labor kiligawanyika kuhusu pendekezo la kuwalazimisha vijana kwenda kupigana ng'ambo. Lang alisimama na waliopinga. Viongozi wengi waliounga mkono pendekezo hilo walikihama chama, na nafasi zao zikawa wazi kwa watu kama yeye.

Kati ya 1920 na 1922 alikuwa waziri wa fedha wa jimbo. Alijulikana kwa ukali wake juu ya matumizi, jambo linalowashangaza wengi wanaomkumbuka tu kama mtu aliyekataa kulipa madeni. Mwaka 1923 alichaguliwa kuwa kiongozi wa Labor katika New South Wales.

Serikali ya kwanza (1925–1927)

Labor ilishinda uchaguzi wa 1925 kwa tofauti ndogo, na Lang akawa waziri kiongozi mwezi Juni. Katika miaka miwili iliyofuata serikali yake ilipitisha sheria ambazo zilikuwa mbele ya nchi nyingi za wakati huo:

- Pensheni ya wajane (1926): mjane mwenye watoto wadogo alilipwa pauni 1 kwa wiki, na shilingi 10 kwa kila mtoto.
- Posho ya watoto (1927): familia za kipato cha chini zilipewa shilingi 5 kwa wiki kwa kila mtoto.
- Fidia kwa wafanyakazi (1926): waajiri walilazimika kuwa na bima kwa ajili ya wafanyakazi wanaoumia au kufa kazini.
- Saa za kazi: wiki ya kazi ilipunguzwa kutoka saa 48 hadi 44.
- Elimu: karo katika shule za sekondari za serikali iliondolewa.
- Kura: watu wazima wote walipewa haki ya kupiga kura katika chaguzi za serikali za mitaa, ambazo zilikuwa za wenye mali na wapangaji wa viwango fulani.

Aidha, serikali iliwarudishia wafanyakazi wa reli haki za ukongwe kazini walizopokonywa baada ya mgomo mkubwa wa 1917.

Pensheni ya wajane ilibadilisha namna ya kuutazama umaskini. Kabla yake, mwanamke aliyefiwa na mume alitegemea ndugu au mashirika ya hisani, na mara nyingine watoto wake walichukuliwa na kulelewa kwingine. Sheria mpya ilimpa fedha kama haki yake, akaweza kuwalea watoto wake nyumbani.

Kizuizi kikubwa cha serikali hii kilikuwa Bunge la Juu la jimbo. Wajumbe wake hawakuchaguliwa na wananchi. Waliteuliwa kwa maisha yao yote, na wengi wao walipinga mipango ya Labor. Lang alimwomba gavana ateue wajumbe wapya 25, wenye ahadi ya kupiga kura ya kulifuta bunge hilo. Gavana alikubali. Lakini siku ya kura ilipofika mwanzoni mwa 1926, baadhi ya walioteuliwa walikiuka ahadi yao, na Bunge la Juu likabaki. Mwaka 1927 Labor ilishindwa katika uchaguzi.

Mdororo Mkuu na Mpango wa Lang

Australia ilitegemea sana kuuza sufu na ngano nje. Bei za bidhaa hizo zilianguka mwishoni mwa miaka ya 1920. Wakati huohuo serikali za majimbo zilikuwa zimekopa fedha nyingi London kwa ajili ya reli, mabwawa na kazi nyingine za umma. Mapato yalipopungua, riba haikupungua. Kufikia 1932 karibu asilimia 30 ya wanachama wa vyama vya wafanyakazi nchini hawakuwa na kazi. Familia zilizofukuzwa katika nyumba za kupanga zilijenga vibanda vya mabati na magunia pembezoni mwa Sydney. Kambi mojawapo, iliyokuwa La Perouse, iliitwa kwa kejeli Happy Valley, yaani "Bonde la Furaha".

Mwaka 1930 Sir Otto Niemeyer wa Benki Kuu ya Uingereza alikuja Australia kuchunguza hali ya fedha. Ushauri wake ulikuwa kwamba serikali zipunguze matumizi, zisawazishe bajeti na kuendelea kulipa madeni yote. Lang aliupinga waziwazi katika kampeni. Tarehe 25 Oktoba 1930 Labor ilipata viti 55 kati ya 90, na akarudi madarakani.

Mwezi Februari 1931, kwenye mkutano wa viongozi wa shirikisho na majimbo, alitoa mapendekezo yaliyokuja kuitwa Mpango wa Lang. Yalikuwa matatu:

1. Australia isilipe riba kwa wakopeshaji wa Uingereza hadi Uingereza ikubali kuipunguzia masharti, kama yenyewe ilivyopunguziwa na Marekani juu ya madeni yake ya vita.
2. Riba ya mikopo yote ya serikali ndani ya Australia ipunguzwe hadi asilimia 3.
3. Thamani ya sarafu isifungwe kwenye dhahabu bali kwenye mali inayozalishwa nchini.

Hoja yake ilikuwa rahisi kueleweka: fedha zisipotosha kwa wote, nani alipwe kwanza? Kwa Lang, asiye na kazi na mjane wa Sydney walitangulia mwenye hatifungani wa London. Wapinzani wake walijibu kwamba nchi inayovunja ahadi haitapata mkopo tena, na kwamba wenye hatifungani hawakuwa matajiri peke yao. Walikuwemo pia watu wa kawaida waliojiwekea akiba ya uzeeni.

Hofu hiyo haikuwa ya maneno tu. Wateja walianza kuondoa fedha zao katika Benki ya Akiba ya Serikali ya New South Wales, na mwezi Aprili 1931 benki hiyo ilifunga milango. Wengi walioathirika walikuwa haohao wenye akiba ndogo ambao Lang alisema anawatetea.

Mwezi Juni 1931 serikali zote zilikubaliana juu ya mpango wa pamoja: kupunguza matumizi kwa asilimia 20, kuongeza kodi, na pia kupunguza riba ya mikopo ya ndani. Lang naye alitia sahihi, ingawa alisitasita katika utekelezaji. Sehemu ya riba ya ndani ilifanana kwa kiasi na pendekezo lake la pili, ambalo miezi michache nyuma lilikuwa limeitwa wizi.

Mgawanyiko wa Chama cha Labor

Waziri mkuu wa shirikisho wakati huo, James Scullin, alikuwa pia wa Chama cha Labor, lakini yeye na Lang hawakuelewana. Wafuasi wa Lang katika bunge la shirikisho walijitenga na kuunda kundi lao chini ya Jack Beasley. Mwezi Novemba 1931 walipiga kura pamoja na upinzani na kuiangusha serikali ya Scullin. Uchaguzi wa Desemba ulimleta madarakani Joseph Lyons, aliyekuwa zamani waziri katika serikali ya Labor na sasa kiongozi wa chama kipya cha kihafidhina. Kwa hiyo Lang alisaidia kuiondoa serikali ya chama chake na kumpata mpinzani mwenye msimamo mkali zaidi juu ya madeni.

Daraja la Bandari ya Sydney

Tarehe 19 Machi 1932 Lang alifungua Daraja la Bandari ya Sydney. Wengi walitarajia mtu wa ukoo wa kifalme au gavana apewe heshima hiyo, lakini Lang aliamua kukata utepe mwenyewe. Kabla hajafika kwenye utepe, Francis de Groot alijitokeza juu ya farasi na kuukata kwa upanga. De Groot alikuwa mfuasi wa Walinzi Wapya, kikundi cha mrengo wa kulia kilichokuwa kikijiandaa kuipinga serikali ya Lang hata kwa nguvu. Alikamatwa na baadaye kutozwa faini ya pauni 5. Utepe ulifungwa tena, na Lang akaukata. Kisa hicho husimuliwa kama kichekesho, lakini kilionyesha jinsi jimbo lilivyokuwa karibu na fujo.

Kufukuzwa kazi na gavana

Kwa makubaliano ya 1927, madeni ya majimbo yalikuwa yamehamishiwa kwa serikali ya shirikisho, na kila jimbo lilitakiwa kuchangia malipo. Kwa hiyo kila Lang alipokataa kulipa, serikali ya shirikisho iliwalipa wakopeshaji, kisha ikaidai New South Wales. Scullin alifanya hivyo mwaka 1931. Lyons alikwenda mbali zaidi: mwaka 1932 bunge la shirikisho lilipitisha sheria ya kukamata mapato ya jimbo, na mwezi Aprili Mahakama Kuu ya Australia ikasema sheria hiyo ni halali.

Lang alijibu kwa kuondoa fedha za jimbo kwenye mabenki na kuziweka taslimu katika Hazina. Mishahara ililipwa kwa noti mkononi. Watumishi wa umma walipewa waraka uliowazuia kupeleka makusanyo kwa serikali ya shirikisho. Tarehe 12 Mei serikali yake ilipitisha haraka bungeni muswada wa kutoza asilimia 10 juu ya rehani.

Gavana, Sir Philip Game, aliyekuwa afisa wa jeshi la anga la Uingereza, hakuwa adui wa Lang. Kwa muda mrefu alikuwa amevumilia shinikizo la wahafidhina waliotaka amfukuze, na mwezi Novemba 1931 alikuwa amekubali kuteua wajumbe wapya wa Labor katika Bunge la Juu. Lakini aliona kwamba waraka ule uliwaamuru watumishi wa umma kuvunja sheria ya shirikisho. Alimtaka Lang aufute au ajiuzulu. Lang alikataa yote mawili. Tarehe 13 Mei 1932 Game alimwondoa na kumteua Bertram Stevens, kiongozi wa upinzani, kushika nafasi hiyo hadi uchaguzi.

Palikuwa na hofu kwamba Lang angekataa kutoka, na kwamba wafuasi wake wangepambana na Walinzi Wapya mitaani. Hakufanya hivyo. Alikusanya vitu vyake, akatoka ofisini kwa utulivu na kuwaambia waandishi wa habari kwamba sasa alikuwa mtu huru. Mwezi uliofuata umati mkubwa ulijaa katika mikutano yake ya kampeni, lakini katika uchaguzi wa 11 Juni 1932 Labor ilipata viti 24 tu.

Swali la kisheria lilibaki. Wanaomuunga mkono Game husema gavana hawezi kuitazama tu serikali inayovunja sheria. Wanaompinga husema kama waraka ulikuwa haramu, wa kuamua ni mahakama, na kwamba mtu asiyechaguliwa hakupaswa kuiondoa serikali yenye wabunge wengi. Matokeo ya uchaguzi yalimpa Game nguvu ya kisiasa, lakini hayakulimaliza swali la kikatiba.

Miaka ya baadaye

Lang aliendelea kukiongoza chama kwa mkono wa chuma, akashindwa tena katika chaguzi za 1935 na 1938. Mwaka 1939 aliondolewa katika uongozi na nafasi yake kuchukuliwa na William McKell, ambaye alikirudisha chama madarakani mwaka 1941. Mwaka 1943 Lang alifukuzwa uanachama. Alichaguliwa kuwa mbunge wa shirikisho kwa kiti cha Reid mwaka 1946 bila msaada wa chama, na huko akawashambulia wenzake wa zamani mara kwa mara. Alishindwa mwaka 1949.

Baada ya hapo aliandika vitabu, miongoni mwao I Remember na The Great Bust, na kuendelea kuchapisha gazeti lake la kila wiki, The Century. Kama wanasiasa wengi wa kizazi chake, alitetea hadi mwisho sera ya ubaguzi iliyowazuia watu wasio Wazungu kuhamia Australia, msimamo ambao chama chake chenyewe kiliuacha akiwa bado hai.

Miongoni mwa waliomtembelea uzeeni ni kijana Paul Keating, aliyekwenda kujifunza siasa kwake na baadaye akawa waziri mkuu wa Australia (1991–1996). Keating alisaidia kumrudisha Lang katika chama mwaka 1971. Lang alifariki tarehe 27 Septemba 1975 akiwa na umri wa miaka 98.

Urithi

Sheria nyingi za Lang ziliishi kuliko serikali zake. Posho ya watoto ilienezwa nchi nzima na serikali ya shirikisho mwaka 1941, na pensheni ya wajane mwaka 1942. Mambo yaliyoonekana kuwa ya kuthubutu mno katika jimbo moja yakawa sehemu ya kawaida ya maisha ya taifa.

Kwa upande mwingine, mgawanyiko aliouchochea ulikigharimu chama chake. Labor ilikaa nje ya madaraka katika New South Wales kwa miaka tisa, na wale wasio na kazi ambao alitaka kuwatetea hawakuwa na serikali yao katika kipindi kigumu zaidi.

Wiki sita tu baada ya kifo chake, tarehe 11 Novemba 1975, gavana mkuu wa Australia, Sir John Kerr, alimfukuza kazi waziri mkuu Gough Whitlam wa Chama cha Labor. Waaustralia walijikuta wakirudia kuuliza swali lilelile la 1932: kati ya mwakilishi wa taji na kura ya wananchi, ni nani mwenye neno la mwisho?